Mhariri na Mwandishi wa Vitabu vya Vijana: Kuuliza, Kungoja na Kulinda

1. Utangulizi

Kitabu cha vijana huandikwa na mtu mzima, huhaririwa na mtu mzima, hununuliwa na mtu mzima, na mara nyingi hupimwa na mtu mzima mwingine kabla ya kuwekwa katika rafu ya maktaba au kutiwa mkononi mwa mwanafunzi. Kijana mwenyewe, ambaye kitabu hicho ni chake, hayupo katika vikao hivyo. Hana fedha za kununua, hana kiti katika halmashauri ya uchapishaji, wala haulizwi kama yaliyoandikwa juu ya maisha yake ni ya kweli. Kwa sababu hiyo, swali la nani anayesema kwa niaba yake ni zito kuliko linavyoonekana. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba, pale kazi ilipofanyika vema, aliyesema kwa niaba ya kijana alikuwa ni mhariri. Na kwamba alisema hasa kwa kumwuliza mwandishi maswali, wala si kwa kumwandikia.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Mchungaji hukabidhiwa mswada wa igizo la vijana. Mwalimu wa chuo hupewa masimulizi ya mwanafunzi ayasome na kutoa maoni. Halmashauri ya vitabu huulizwa kama kitabu fulani kinafaa kwa walio katika umri wa kipaimara. Wote hao, wapende wasipende, wanafanya sehemu ya kazi ya mhariri. Ni vema basi kujua wale walioifanya kwa muda mrefu waliifanyaje, walifaulu wapi, na walishindwa wapi.

Mfano tutakaoutumia zaidi ni wa Ursula Nordstrom, aliyekuwa mhariri katika jiji la New York, Marekani. Tumemchagua yeye kwa sababu mawasiliano yake na waandishi yamehifadhiwa vizuri. Sehemu ya barua zake ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1998, kwa jina Dear Genius, chini ya uhariri wa Leonard S. Marcus. Kwa njia hiyo twaweza kuona uhusiano wa kazi ambao kwa kawaida hubaki umefichika nyuma ya jalada.

2. Kazi ya mhariri ni ipi?

Neno mhariri hutumika kwa watu wengi: yuko mhariri wa gazeti, yuko wa redio, na yuko yule asahihishaye tahajia na alama za uandishi. Tunayemzungumzia hapa ni mhariri wa kampuni ya vitabu, anayeuchukua mswada tangu unapofika mpaka unapokuwa kitabu.

Kazi yake ina hatua kadhaa. Kwanza, huchagua. Akiupenda mswada hana budi kuutetea mbele ya wenzake wa mauzo na wa fedha, ambao huuliza utauzwa kwa nani. Wakikubali, mwandishi hupewa mkataba. Kwa desturi ya Marekani hulipwa kiasi fulani cha awali, na baadaye mrabaha, yaani sehemu ya bei ya kila nakala iliyouzwa. Kile cha awali hukatwa katika mrabaha, na mwandishi hapati kingine mpaka mrabaha wake upite kiasi hicho.

Pili, mhariri husoma kwa ajili ya jengo zima la kitabu. Hujiuliza hadithi inaanza mahali pake au la, ni nani anayeisimulia, na kwa nini mtu huyu anafanya jambo hili katika sura hii. Mawazo yake huyaweka katika barua, ambayo yaweza kuwa ya kurasa nyingi, kisha mwandishi hurudi kwenye meza yake kuandika upya. Tatu, mswada ukirudi, mhariri hupita mstari kwa mstari na kuandika maswali yake pembeni. Ni baada ya hayo tu ndipo msahihishaji wa nakala huingia kutazama tahajia na ulinganifu wa mambo, na hatimaye prufu husomwa.

Katika hatua zote hizo kuna kanuni moja isiyopasa kusahaulika. Mhariri ana uwezo wa kukikataa kitabu, lakini hana haki ya kukiandika. Jina lililo juu ya jalada ni la mwandishi, na hakimiliki kwa kawaida ni yake. Ndiyo sababu barua ya mhariri mwema imejaa maswali na mapendekezo, wala si amri.

Tena mhariri ana wajibu kwa watu watatu kwa wakati mmoja: mwandishi, ambaye amemwamini, kampuni, ambayo inamlipa mshahara, na msomaji, ambaye hamjui. Katika vitabu vya watu wazima msomaji hujitetea mwenyewe, maana asipopendezwa hanunui tena. Katika vitabu vya vijana anayenunua ni mzazi, mwalimu au mkutubi, na hao wanaweza kuridhika na kitabu ambacho kijana mwenyewe anakiona ni cha uongo. Hapo msomaji hana mtetezi ila dhamiri ya mhariri.

3. Ursula Nordstrom na idara yake

Ursula Nordstrom alizaliwa New York mwaka 1910, wazazi wake wakiwa waigizaji wa jukwaani. Walitengana angali mdogo, naye akapelekwa katika shule ya bweni. Mwaka 1931 aliajiriwa na kampuni ya Harper & Brothers kama karani katika idara ya vitabu vya kiada vya vyuo. Mwaka 1936 alihamia Idara ya Vitabu vya Wavulana na Wasichana akiwa msaidizi, na mwaka 1940 akawa mkuu wa idara hiyo, cheo alichokishika mpaka mwaka 1973. Alifariki mwaka 1988.

Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, wala hakuwahi kuwa mwalimu, mkutubi au mzazi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa na mkutubi mmoja mashuhuri ana sifa gani ya kushika kazi hiyo, alijibu kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto na hajasahau lo lote. Jibu hilo laweza kuonekana la mzaha, lakini linaeleza msimamo wake wote. Wakati ule vitabu vingi vya watoto na vijana viliandikwa ili kumfanya msomaji awe na adabu njema. Nordstrom alitaka vitabu ambavyo kijana mwenye hasira, mwenye wivu au mwenye upweke angeweza kujiona ndani yake bila kuhukumiwa.

Waandishi aliofanya nao kazi ni wengi: E. B. White, Margaret Wise Brown, Maurice Sendak, Louise Fitzhugh, na Mary Stolz, ambaye riwaya yake ya kwanza kwa ajili ya vijana ilitolewa mwaka 1950. Aliwaandikia barua juu ya sura na aya, lakini pia juu ya afya zao, madeni yao na mashaka yao. Maurice Sendak alipolalamika kwamba hana kipawa cha waandishi wakuu wa dunia, Nordstrom hakumjibu kwa sifa tupu. Alimwandikia barua ndefu mwaka 1961 akimweleza ni nini hasa alichonacho ambacho wengine hawana. Kitabu cha Sendak cha watoto wadogo, Where the Wild Things Are, kilianza kama mchoro wa majaribio juu ya farasi wa porini mwaka 1955, na hakikutoka mpaka mwaka 1963. Miaka minane si muda mdogo kwa kampuni inayohesabu faida. Mhariri aliyengoja muda huo alikuwa amekwisha kuamua kwamba anamjenga mwandishi, na kwamba kitabu kitafuata.

4. Kuuliza badala ya kuandika

Njia ya Nordstrom yaonekana wazi katika habari ya Charlotte Zolotow. Zolotow, aliyezaliwa mwaka 1915, aliingia Harper mwaka 1938 kama karani wa kuandika kwa mashine. Siku moja alimwandikia Nordstrom taarifa fupi akipendekeza kwamba Margaret Wise Brown aombwe kuandika kitabu juu ya bustani ya jiji tangu asubuhi hadi usiku. Nordstrom alimrudishia akimwomba aeleze zaidi alikuwa anawaza nini. Zolotow akaeleza kwa urefu. Ndipo Nordstrom akamwambia kwamba maelezo hayo ndiyo kitabu chenyewe, na kwamba amekwisha kukiandika. Kilitolewa mwaka 1944 kwa jina The Park Book. Ombi moja la kueleza zaidi lilimfanya karani kuwa mwandishi, na baadaye kuwa mhariri. Maana Zolotow alikuja kuwa mmoja wa wahariri wakuu wa vitabu vya vijana katika kampuni hiyo hiyo.

Alipokuwa mhariri, Zolotow alitumia njia aliyotendewa. Louise Fitzhugh alipoleta kurasa chache za msichana anayeandika katika daftari mambo makali juu ya majirani na rafiki zake, Zolotow alitoa maoni kwamba bado si kitabu, lakini kinaweza kuwa kitabu, na kwamba mwandishi aitwe wazungumze naye. Kilichokuwapo ni maneno ya daftari tu. Nordstrom na Zolotow walimwuliza Fitzhugh habari za msichana mwenyewe: ni nani, anaishi na nani, kwa nini ana hasira kiasi hicho? Katika kuyajibu maswali hayo Fitzhugh aliipata hadithi yenyewe: ya msichana wa miaka 11 ambaye daftari lake linaangukia mikononi mwa wenzake darasani, wakasoma yote aliyoandika juu yao. Kitabu kilitolewa mwaka 1964 kwa jina Harriet the Spy. Watu wazima kadhaa walikilaumu kwamba kinafundisha uchongezi na uongo. Lakini kimeendelea kusomwa, kwa sababu kijana hukuta humo aibu ambayo yeye mwenyewe anaifahamu.

Zolotow pia ndiye aliyeiona katika televisheni tamthilia ya Paul Zindel, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari ya Staten Island, akamwendea na kumtia moyo aandike kwa ajili ya vijana. Zindel hakuwa amewahi kufikiri hivyo. Riwaya yake The Pigman ilitolewa mwaka 1968. Ndani yake kijana wa kiume na wa kike husimulia kwa zamu urafiki wao na mzee mpweke, na sehemu yao katika kifo chake. Hapa twaona kwamba mhariri hangoji tu miswada imfikie. Husikiliza ni nani anayewajua vijana, kisha humwomba aseme.

Mfano mwingine unatoka katika kampuni ya Lippincott. Mwaka 1957 mhariri Tay Hohoff alipokea mswada wa mwandishi mgeni, Harper Lee. Aliona kwamba ni mfululizo wa visa kuliko riwaya, lakini akaona pia uhai ndani yake. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili mwandishi na mhariri walifanya kazi pamoja, mswada ukaandikwa upya tena na tena. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Lee alikata tamaa akazitupa kurasa zake dirishani, penye theluji, kisha akampigia simu Hohoff. Naye akamwamuru ashuke mara moja kuziokota. Kitabu kilichotokea ni To Kill a Mockingbird cha mwaka 1960, ambacho hakikutolewa kama kitabu cha vijana lakini kimesomwa mno mashuleni. Mswada wa awali ulikuja kuchapishwa mwaka 2015 kwa jina Go Set a Watchman, na katika huo msimulizi wetu Scout ni mtu mzima anayerudi nyumbani. Msomaji akivilinganisha vitabu hivi viwili ataona ukubwa wa kazi iliyofanyika kati yao: habari ile ile ya baba na mji ule ule imehamishwa kutoka macho ya mtu mzima hadi macho ya mtoto.

5. Uzito wa neno moja

Si kila uhariri ni mkubwa namna hiyo. E. B. White alipoleta mswada wa Charlotte's Web, kilichotolewa mwaka 1952, alikuwa amekwisha kuuweka kando na kuuandika upya yeye mwenyewe, na mhariri hakuwa na mengi ya kusema. Pendekezo la Nordstrom linalokumbukwa ni juu ya kichwa cha sura moja. White alikuwa ameitaja humo wazi habari ya kifo cha buibui Charlotte. Nordstrom akaomba kichwa kiseme tu habari ya siku ya mwisho, ili msomaji asijue mapema. White akakubali. Kifo chenyewe hakikuondolewa wala kupunguzwa, bali msomaji aliachwa akifikie kwa wakati wake.

Mwaka huo huo, 1952, Harper ilipokea barua ya mama mmoja juu ya kitabu cha Laura Ingalls Wilder, Little House on the Prairie, cha mwaka 1935. Katika kurasa za mwanzo ilielezwa kwamba katika nchi ile hapakuwa na watu, ila Wahindi Wekundu tu. Mama huyo aliuliza: je, hao si watu? Nordstrom alimjibu kwa unyofu kwamba alishangaa jinsi ambavyo katika kampuni nzima, kwa miaka karibu 20, hakuna aliyeona jambo hilo. Akampelekea habari Wilder, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 85. Wilder alikiri kwamba ni kosa na kwamba hakukusudia hivyo. Katika toleo jipya la mwaka 1953 neno la watu liliondolewa mahali pale, likawekwa la walowezi.

Kisa hiki chatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mhariri ni mlango ambao sauti ya msomaji huweza kumfikia mwandishi, naye asipoufungua, sauti hiyo hufia nje. La pili ni kwamba neno moja halimalizi jambo. Mwenendo wa kitabu kile kuhusu wenyeji wa nchi uliendelea kulalamikiwa, na mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kiliondoa jina la Wilder katika tuzo iliyokuwa ikiitwa kwa jina lake.

6. Kumlinda mwandishi

Uhusiano wa mhariri na mwandishi hupimwa hasa pale mtu mwenye mamlaka anapokipinga kitabu. Mwaka 1945 White alikuwa karibu kutoa kitabu chake cha kwanza kwa watoto, Stuart Little. Anne Carroll Moore, aliyekuwa amestaafu ukuu wa kazi za watoto katika Maktaba ya Umma ya New York lakini bado akiogopwa na wachapishaji wote, alisoma prufu. Aliandika barua ndefu kwa nyumba ya White akisihi kitabu kisitolewe, kwa kuwa kingemvunjia mwandishi heshima. Tukumbuke kwamba maktaba ndizo zilizokuwa mnunuzi mkuu wa vitabu vya watoto. Kumkasirisha mama huyo kulikuwa hasara ya wazi. Nordstrom hata hivyo alikitoa, na kitabu kikapokelewa vizuri na wasomaji.

Hapa wajibu kwa kampuni na wajibu kwa mwandishi vilikuwa vimegongana. Mhariri ambaye amemwongoza mwandishi mpaka mwisho, kisha anamwacha peke yake lawama zinapokuja, anavunja imani ambayo kazi yote ilijengwa juu yake. Mwandishi akijua kwamba mhariri atasimama naye, huthubutu kuandika lililo kweli. Akijua kwamba atakimbia, hujikata ulimi mwenyewe kabla ya mswada kufika.

7. Mwisho wa hadithi

Hakuna mahali ambapo jaribu la mtu mzima ni kubwa kama katika sura ya mwisho. Twapenda kuwaambia vijana kwamba mema hulipwa mema, na upesi. Robert Cormier, mwandishi wa habari kutoka Leominster, Massachusetts, alikuwa na mwana ambaye alikataa kuuza chokoleti za kuichangia shule yake. Mwana huyo hakupatwa na dhara lo lote. Lakini baba yake alijiuliza ingekuwaje kama angepatwa. Kutokana na swali hilo ilitoka riwaya ya kijana anayekataa, anaonewa na kundi la wanafunzi huku mwalimu akinyamaza, na hatimaye anapigwa vibaya bila mtu kumwokoa.

Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada huo, wakieleza kwamba mwisho wake ni mzito mno kwa vijana. Cormier hakuwa mwandishi tajiri, na kukubali kubadilisha sura moja kungempatia kitabu. Alikataa. Hatimaye mhariri Fabio Coen wa Pantheon aliukubali mwisho ulivyo, na The Chocolate War kilitolewa mwaka 1974. Tangu hapo kimepingwa mara nyingi mashuleni, na kimesomwa mara nyingi zaidi.

Tusielewe vibaya. Si kila mwisho wa huzuni ni wa kweli, wala si kila mwisho wa furaha ni wa uongo. Swali la mhariri si kama mwisho unamfariji mtu mzima, bali kama unatokana na yale yaliyotangulia katika kitabu. Kijana ambaye ameonewa shuleni, asiokolewe na mtu, akisoma kitabu ambamo kila aliyeonewa huokolewa katika ukurasa wa mwisho, hatatuandikia barua ya kulalamika. Ataufunga tu, na huenda asifungue kingine.

8. Mipaka ya mhariri

Baada ya kusifu, yatupasa kusema pia juu ya mipaka. Mhariri anaposema kwa niaba ya msomaji asiyekuwepo, anaweza kumsemea yule tu anayeweza kumwaza. Mwaka 1965 mwalimu Nancy Larrick alichapisha uchunguzi wake wa vitabu vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji wa Marekani katika miaka ya 1962 hadi 1964. Kati ya vitabu 5,206, vilivyomtaja au kumwonyesha japo mtu mmoja mweusi vilikuwa 349, yaani asilimia 6.7. Wahariri wa vitabu hivyo hawakuwa watu wabaya. Wengi wao waliwapenda watoto, lakini mtoto waliyemwona walipofumba macho alikuwa mweupe. Miaka michache baadaye Nordstrom alitoa kitabu cha picha cha John Steptoe, kijana mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1950. Kiliitwa Stevie, kilitoka mwaka 1969, na usemi wa mitaani kwao uliachwa ulivyo bila kusafishwa. Ilikuwa ni hatua njema, ila ilichelewa.

Tena mhariri na kampuni huweza kumficha mwandishi hata wanapodhani wanamsaidia. Susan Hinton wa Tulsa, Oklahoma, alianza kuandika The Outsiders akiwa na miaka 15, kwa sababu hakuona kitabu kilichosema kweli juu ya vijana wa shule yake. Kampuni ya Viking ilipokitoa mwaka 1967, alikuwa na miaka 18. Mchapishaji alishauri atumie herufi S. E. badala ya jina lake, ili wahakiki wasikidharau kitabu cha magenge ya wavulana kwa sababu kimeandikwa na msichana. Huenda ushauri huo ulisaidia mauzo. Lakini twaona jinsi ambavyo kitabu kilichozaliwa kwa kutaka kusema kweli kilianza safari yake kwa kumfunika aliyekisema.

Kwa hiyo mamlaka ya mhariri yahitaji kuchunguzwa, hasa na mhariri mwenyewe. Kila pendekezo laweza kutoka katika moja ya vyanzo viwili: ama msomaji kijana atakwama hapa, ama mimi mtu mzima ninaogopa hapa. Mapendekezo hayo mawili hufanana sana yakiandikwa pembeni mwa ukurasa.

9. Hitimisho

Katika nyumba za uchapishaji zenye watumishi wachache, na hata katika vyuo vyetu, kazi ya mhariri hupungua kwa urahisi ikawa kusahihisha tahajia na kuondoa yaletayo wasiwasi. Yale tuliyoyaeleza yanaonyesha kwamba kazi hiyo ni pana zaidi, na kwamba haihitaji fedha nyingi kuliko inavyohitaji muda na uaminifu. Kwa yule anayekabidhiwa mswada uliokusudiwa vijana, mambo manne yaweza kumfaa.

Kwanza, ausome mswada wote kabla ya kushika kalamu. Atakayesahihisha ukurasa wa kwanza kabla hajaujua wa mwisho, anasahihisha asichokijua.

Pili, aandike maswali. Badala ya kuandika aya mpya kwa mkono wake, na aulize kwa nini binti huyu hakumwambia mama yake, au kijana huyu alilala wapi usiku ule. Mwandishi akijibu, jibu litakuwa kwa sauti yake.

Tatu, atenganishe swali la msomaji na hofu yake mwenyewe, na inapowezekana awape vijana wenyewe waisome kazi kabla haijachapwa, kisha asikilize wanaposema kwamba mambo hayawi hivyo.

Nne, amwachie mwandishi neno la mwisho. Kama hawezi kuukubali mswada, na aurudishe kwa heshima akieleza sababu. Lakini akiukubali, na asimame pamoja na mwandishi siku ambapo mzazi, mwalimu mkuu au mwenzake katika huduma atakapokuja na kitabu mkononi kuuliza ni nani aliyeruhusu jambo hili liandikwe.